Nani Aliulizwa? Jando la Masasi na Teolojia Iliyotoka Kumbini

Baba Askofu, makasisi na wachungaji, mapadri mliokuja kutusikiliza, walimu wa seminari, wainjilisti na makatekista, mama zangu wa vikundi vyote, na ninyi vijana mliojibanza karibu na mlango: Bwana Yesu asifiwe.

Kwenye ratiba mada yangu imeandikwa "Umisionari na Teolojia ya Kanisa katika Mazingira ya Kiafrika". Mada hiyo ni pana kama bara lenyewe, na muda niliopewa unaishia kwenye chai ya saa nne. Mniruhusu niipunguze. Nitazungumzia Masasi, kwetu, na jambo lililofanyika huko yapata miaka mia moja iliyopita, Kanisa lilipoamua kulipokea jando. Nitapita pia Ukikuyu na Uchaggani, kwa sababu huko kuna mambo yanayofanana na yetu na yanayotuumbua.

Tunapokaa kujadili mila na Injili, desturi yetu ni kuuliza: mila hii ni njema au mbaya? Inapatana na Maandiko au haipatani? Sina ugomvi na maswali hayo. Lakini liko swali ambalo kwa maoni yangu linatangulia, nalo huwa halimo katika kumbukumbu za vikao vyetu. Kabla ya uamuzi kutolewa, nani aliulizwa?

Wengi wenu mnaijua misheni iliyotuletea Kanisa kusini, ile wazee waliyoiita UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Ilizaliwa baada ya Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857. Jaribio lake la kwanza kule bonde la Shire liliishia makaburini. Askofu Mackenzie alifariki mwaka 1862, na mrithi wake, Tozer, akaihamishia misheni Unguja mwaka 1864. Kutoka Unguja, mwaka 1876, Askofu Edward Steere aliongoza msafara wa watu waliokombolewa utumwani, wanaume kwa wanawake. Nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa walikotekwa. Hawakufika. Walipofika Masasi waliona ardhi nzuri na milima ya kujikinga, wakapiga kambi, na kambi ikawa kijiji.

Watu hao ndio tuwatazame vizuri. Vitabu vinasema Masasi ilianzishwa na Steere, na si uongo, alikuwapo. Lakini Steere alirudi Unguja. Waliobaki wakilima, wakizaa, wakizika na kusali kila jioni mbele ya macho ya majirani ni wale waliokombolewa. Walitekwa wakiwa watoto, wakalelewa na misheni, wakajifunza sala kwa Kiswahili. Wengi hawakuwa na mjomba wa kuwasimamia, na kwetu kusini, mnajua wenyewe, mtu asiye na mjomba hana pa kusemea. Hawakuwa na jando la ukoo wala mizimu ya kutambikia. Ukristo ndio uliokuwa ukoo wao.

Halafu wakaanza kubatizwa wenyeji wa pale: Wamakua, Wayao, na baadaye Wamakonde. Hawa walikuwa na wajomba, na wajomba wao walikuwa na makumbi, yaani kambi za jando.

Mnaona basi kwamba ubishi juu ya mila haukuwa kati ya Mzungu na Mwafrika peke yao, kama tunavyopenda kuusimulia. Ulikuwa pia kati ya Mwafrika aliyenyang'anywa ukoo na Mwafrika aliyekuwa nao. Aliyepoteza kila kitu aliiona misheni kuwa kwao, na jando akaliona ushenzi wa watu wa porini. Mwenyeji aliona hawezi kumwacha mwanawe abaki mtoto milele. Wote wawili walikuwa Wakristo na walikaa benchi moja kanisani.

Katikati yao walisimama makasisi wa kwanza Waafrika. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa, alisoma mpaka Canterbury, akapewa ukasisi mwaka 1890, wa kwanza Mwafrika katika misheni ile. Alifanya kazi Chitangali, kwa mfalme Nakaam, kwa muda mrefu bila Mzungu wa kumsimamia, na Kanisa la pale likakua. Kila siku alikutana na swali la jando; hakulisoma kwenye makala. Baada yake wakaja wengine, akiwamo Kolumba Msigala, aliyetuachia kumbukumbu zake kwa Kiswahili. Siku hizi kumbukumbu hizo zinasomwa zaidi na watafiti wa ng'ambo kuliko na wanafunzi wa seminari zetu, na hilo naliacha kwa walimu wa seminari walioketi hapa mbele.

Sasa jando lenyewe. Kwa vijana waliokulia mjini: si kutahiriwa tu. Kutahiriwa ni asubuhi moja. Jando ni kukaa kumbini, kuugua kidonda pamoja, kuchapwa, kuimba, kufundishwa namna ya kukaa na wakubwa, na mambo ya mwanamume na mwanamke kwa lugha ya mafumbo. Kabla ya yote mwenye jando anamwaga unga chini ya mti na kuwaambia waliotangulia: watoto wenu hawa, msituache. Ukitoka unapewa jina jipya, na la zamani ni matusi mtu akikuitia. Asiyeingia hana neno barazani hata akiwa na mvi.

Misheni ilipokataza, watoto wa Wakristo waliingia kwa siri au wakaacha kanisa. Kisha mambo yakabadilika upesi. Mwaka 1905 Maji Maji ilifika Masasi na misheni ikachomwa. Baada ya vita ile Uislamu ulienea kusini kwa kasi, na walimu wa madrasa hawakuona taabu na jando. Walilisomea dua, na mtoto akatoka kumbini ametahiriwa na jina la Kiislamu juu. Kwa hiyo kila mtoto ambaye Kanisa lilimfungia mlango wa jando, mlango mwingine ulikuwa wazi, na wenye mlango ule walimkaribisha kwa furaha.

Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani wakawakamata wamisionari Waingereza kuwa maadui, na walimu wengi wa Kiafrika nao wakateswa kwa kushukiwa kuwa wapelelezi. Miaka ile makasisi Waafrika ndio walioshika Kanisa. Wazungu waliporudi walikuta watu waliokwisha kuzoea kuamua.

Jando la Kikristo lilikomaa katika miaka hiyo, karibu na vita na baada yake. Aliyepata sifa ni Vincent Lucas, aliyefika Masasi mwaka 1909 na kuwa askofu wetu wa kwanza kuanzia 1926 hadi 1944. Aliandika juu yake, Ulaya wakasoma, na mpaka leo ukitafuta habari za Injili na mila utakutana na jina lake. Sina nia ya kumpokonya sifa. Askofu aliyekuwa tayari kusema mbele ya wenzake kwamba Kanisa halikuja kubomoa kila lililolikuta, enzi zile, alihitaji uti wa mgongo. Lakini Lucas hakutahiriwa kumbini. Alichokijua kuhusu kumbi alikijua kwa kuambiwa, na waliomwambia ni makasisi na walimu wetu. Nao hawakuwa na kauli moja. Wapo waliotaka jando liachwe kabisa; wapo waliotaka liingizwe lote. Walibishana, na kilichofanyika ni matokeo ya ubishi huo.

Walifanya nini? Kisu walimpa mtu wa hospitali aliyefundishwa usafi. Kasisi akawa mwenye jando. Watoto walianza kwa ibada na kumaliza kwa ibada. Nyimbo walizoziona chafu ziliondolewa. Mafunzo ya heshima yalibaki, yakaongezewa mafundisho ya imani. Unga wa mizimu uliachwa, na mahali pake wakaweka sala kwa Mungu, pamoja na kuwaombea na kuwakumbuka waliolala katika Kristo.

Naomba tukae hapo kwenye unga. Swali lililojificha chini ya ule mti ni zito: babu yangu aliyekufa ni nani kwangu? Je, ananihusu bado? Yule kasisi hakujibu kwamba babu ni shetani, wala hakujibu kwamba hayupo. Alijibu kwamba yuko mikononi mwa Mungu, na kwa kuwa yuko huko, tunazungumza na Mungu juu yake badala ya kuzungumza naye. Kiangalizo: jibu hilo liliwezekana kwa sababu UMCA walikuwa Waanglikana wa mrengo wa Kikatoliki, na kuwaombea marehemu tayari ilikuwa sala yao. Wangefika Walutheri kwanza, ndugu zangu wa KKKT mnisamehe, sijui mngeweka nini pale chini ya mti. Teolojia haikutoka hewani. Walichukua kilichokuwamo katika mkoba wa misheni na kilichokuwamo katika mkoba wa mjomba, wakatafuta vinapokutana. Kazi hiyo ilifanywa na watu wasiokuwa na shahada hata moja, na mimi naiweka juu ya tasnifu nyingi nilizosahihisha.

Gharama ilikuwapo. Zamani jando lilikuwa la kijiji kizima chini ya mwenye mji. Sasa kijiji kimoja kikawa na kumbi la Wakristo, la Waislamu na la wasio na dini, na watoto waliocheza pamoja wakatahiriwa mbalimbali. Madaraka ya mjomba yalihamia kwa kasisi. Wazee walinung'unika kwamba jando la misheni lina siku chache na siri chache. Sidhani walikosea.

Sasa upande wa pili, ambao huwa haualikwi kwenye makongamano.

Baada ya kuona jando limekwenda vizuri, misheni ilitaka kufanya vivyo hivyo kwa wasichana, yale tunayoyaita malango, au unyago. Haikufanikiwa kama jando. Kwa nini? Kwetu wasichana hawakeketwi, kwa hiyo hapakuwa na kisu cha kugombania. Ngoma ya mwali yote ni mafunzo: nyimbo, mafumbo, mwili, ndoa, uzazi, hedhi, namna ya kuishi na mume na namna ya kuishi bila yeye. Wenye mafunzo hayo ni manyakanga na makungwi, wanawake wanaowafunda wali. Kanisa halikuwa na kasisi mwanamke. Makasisi wanaume hawakuwahi kuingia na hawakuruhusiwa kuingia. Waliokabidhiwa kazi ya kuyasafisha malango ni mabibi wa misheni, wengi wao wasioolewa, waliofika kwa moyo mwema na madaftari, wakataka kujua kila wimbo una maana gani ili waamue upi ubaki.

Mimi nimechezwa unyago. Yaliyosemwa humo siyasemi hapa, na ninyi baba zangu msitegemee. Basi mkijua kwamba mimi, mwalimu wa historia ya Kanisa mwenye umri huu, mbele ya Askofu wangu, sisemi, mtaelewa kwa nini nyakanga wa wakati ule hakumwambia bibi wa misheni. Alimwambia kidogo, yale ya kuridhisha. Yaliyobaki aliyafundisha usiku mwingine, mahali pengine. Matokeo yake Kanisa likawa na malango yake yaliyofupishwa, na wanawake Wakristo wakawa na malango yao, na mpaka leo yako hivyo. Tofauti na wavulana ni moja: kwa wavulana, wenye kumbi walikuwamo katika kikao, kwa wasichana, wenye ngoma walikuwa kitu cha kujadiliwa.

Nisionekane nasema kila mila ilindwe mradi wenyewe waulizwe. Ndiyo maana naenda Ukikuyu. Mwaka 1929 Misheni ya Kiskoti chini ya Daktari John Arthur, pamoja na misheni nyingine za Kiprotestanti, zilidai waumini na walimu waukatae ukeketaji wa wasichana kwa sahihi au kwa dole gumba. Wakikuyu wakaliita jambo hilo kirore. Makanisa yalipoteza waumini wengi kwa muda mfupi, watoto wakatolewa shuleni, watu wakaimba muthirigu wa kuwakejeli wamisionari na machifu mpaka serikali ikaupiga marufuku, na zikaanzishwa shule na makanisa ya kujitegemea. Chama cha KCA, chama cha siasa cha Wakikuyu, kilisimama upande wa mila.

Sina neno hata moja la kuutetea ukeketaji. Madaktari wa misheni waliwaona wasichana wakifa katika uzazi, na walichokipinga kilistahili kupingwa. Lakini hebu tazameni meza. Upande huu yuko daktari mwanamume na karatasi. Upande ule wako viongozi wanaume wa chama na heshima ya kabila. Mwili unaogombaniwa haupo mezani. Mpaka mwaka 1931, wanawake Wakristo wa Tumutumu, kituo cha Misheni hiyo ya Kiskoti, waliojiita Ngo ya Tuiritu, yaani ngao ya wasichana, walipoliandikia baraza la wenyeji la Nyeri Kusini. Walisema wanashangaa wanaume wanaozungumza habari za tohara ya wanawake ilhali hawazai wala hawausikii uchungu, na wakataka wasichana wasilazimishwe. Kwangu barua ile ni ukurasa wa teolojia ya Kiafrika ulio bora kuliko karatasi ya kirore, ingawa zote mbili zinapinga kitu kilekile. Karatasi iliamuru. Barua ilitoka kwa wenye miili.

Uchaggani sipakawii. Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, ya Walutheri wa Ujerumani, alifika Kilimanjaro mwaka 1902, akaondoka kwa mara ya mwisho 1938. Huyu aliuliza! Aliwakalisha wazee wa Kichagga miaka na miaka, akaandika sheria zao na mafundisho yao maelfu ya kurasa, na akataka Kanisa lijengwe juu ya ukoo, ujirani na rika. Hata watoto wa kipaimara aliwafunga pamoja kwa mfano wa marika ya zamani. Lakini aliowauliza ni wazee. Vijana walitaka shule, Kiingereza na bei nzuri ya kahawa. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao cha kahawa, Joseph Merinyo akiwa rais wake. Tena Walutheri hao walikuwa wameendesha sharika zao wenyewe tangu Wajerumani walipofukuzwa mwaka 1920. Gutmann aliporudi kuwaeleza uzuri wa ukoo, wengi walikuwa wanahesabu magunia. Mimi nampenda Gutmann kuliko wamisionari wote niliowasoma, na bado naona aliupenda Uchagga ambao nusu ya Wachagga walikuwa wanaukimbia.

Wasomi wetu wenyewe hawajapona ugonjwa huu. Hayati Padri Charles Nyamiti wa Tabora aliandika mwaka 1984 juu ya Kristo kuwa Mhenga wetu, kazi ya kina, inayosomwa Nairobi, Leuven na kwingineko. Nimeifundisha kwa heshima. Ila nikisikiliza sala za mama zangu msibani, Yesu wanamwita Bwana, Mwokozi, Mganga, Mchungaji. Mhenga bado sijamsikia. Huenda atafika. Papa Paulo wa Sita alipowaambia maaskofu Kampala mwaka 1969 kwamba Waafrika sasa ni wamisionari kwa nafsi zao, nadhani hakumaanisha wenye udaktari peke yao.

Nimalizie na jambo lililo mezani kwetu. Kamati inapitia upya kanuni za nidhamu, na nimeona rasimu ya kifungu cha unyago. Kinasema mzazi atakayempeleka binti unyagoni atatengwa na Ushirika Mtakatifu. Sababu zilizotolewa ni za kweli: watoto wanachezwa wakiwa na miaka tisa au kumi, wanaambiwa wamekuwa wakubwa, wengine wanarudi darasani na mimba au hawarudi. Ni sababu za kutisha na zinahitaji hatua. Lakini nimesoma orodha ya wajumbe. Yupo mwanasheria, wapo wachungaji, yupo mwalimu wa Agano la Kale. Hakuna kungwi hata mmoja. Tunaandika upya kirore.

Nilipolisema hili kwa mjumbe mmoja alinijibu, "Mama, manyakanga wengine ni Waislamu." Ndiyo, ni kweli. Hata hivyo nyakanga huyo Mwislamu ndiye anayewafundisha mabinti wa kwaya yetu, na hilo sote tunalijua na tunalinyamazia. Kumwita tuketi naye si kumpa mimbari. Ni kumwomba mambo ambayo sisi hatuna uwezo nayo: asogeze ngoma mpaka likizo ya Desemba, asimpokee mtoto ambaye hajamaliza shule ya msingi, na amwambie mwali kwamba kuvunja ungo hakumfanyi tayari kwa mume. Yeye akilisema uwanjani, mbele ya wenzake, litashikwa Newala mpaka Nanyumbu. Tukiliandika sisi kwenye waraka litasomwa Jumapili moja baada ya matangazo.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Baba Askofu, ni kwamba kifungu hicho kisipigiwe kura mwezi ujao. Kamati iongezewe makungwi, Wakristo na wasio Wakristo; nauli na posho yao iwe sawa na ya mwanasheria, na kikao chao na mama zetu kifanyike bila wanaume chumbani, kisha walete walichokubaliana. Nimekwisha kuzungumza na wawili na wako tayari kuja.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Maswali nayapokea sasa, na kama mwenyekiti anakubali, tuanze na mama zangu kabla kipaza sauti hakijafika mbele.